Kusukuma vitu kwenye utando wa seli kunakula ATP (molekuli inayobeba nishati ya kazi za seli), na ATP yenyewe inatokana na kusukuma protoni (chembe za haidrojeni zenye chaji chanya). Kipi kinamtangulia mwenzie?

Mdadisi wa Seli:

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma baiolojia ya seli, na wiki nzima sasa nazunguka palepale. Naomba mnisaidie maana kila nikimuuliza mwenzangu ananiambia kariri tu mtihani upite, na mi sitaki kukariri, nataka nielewe.

Iko hivi. Notisi zetu zina sura mbili zilizokaa mbalimbali. Sura ya kwanza ni utando wa seli, kwamba kuna vitu vinapita vyenyewe kutoka palipojaa kwenda palipopungua bila gharama, mfano oksijeni na kabonidioksaidi, halafu kuna vitu vinapandishwa mlima kwa nguvu, kutoka palipopungua kwenda palipojaa, na hapo seli inalipa kwa ATP. Sawa, hiyo imeingia. Sura ya pili ni mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, tunaambiwa protoni zinasukumwa kutoka chumba cha ndani kwenda kwenye ile nafasi kati ya tando mbili, zinajazana huko, halafu zikirudi ndo ATP inatengenezwa. Sasa hapo kichwa kinagoma. Kuzijaza protoni upande mmoja si ni kuzipandisha mlima? Na sura ya kwanza imesema kupandisha mlima kunalipiwa kwa ATP. Kwa hiyo seli inatumia ATP kutengeneza ATP? Faida inatoka wapi?

La pili, kwenye jaribio tuliulizwa kama glukosi inatumia ATP kuingia kwenye seli za utumbo mwembamba. Niliandika ndiyo, nikakatwa maksi. Jirani yangu aliandika hapana, naye akakatwa. Mwalimu akasema jibu ni ndiyo kwa njia ya kuzunguka, kipindi kikaisha.

La tatu fupi, glukosi moja inatoa ATP ngapi? Nina kitabu kinasema 38, kingine 36, kingine 30 mpaka 32. Naandika ipi?

Fundi Protoni:

Mdogo wangu, tatizo lako lote liko kwenye sentensi moja ya hizo notisi, ile inayosema malipo ni ATP. Ifute, andika hivi: malipo ni kitu kingine chochote kinachoteremka. Ukipandisha kitu kimoja mlima lazima kingine kiteremke, na vifungwe pamoja ili mteremko wa kimoja uvute kingine. ATP kuvunjika ni mteremko mmojawapo. Iko mingine.

Kwenye mitokondria kinachoteremka ni elektroni. Chakula kikishakatwakatwa, elektroni zake zinabebwa na NADH na FADH2 mpaka kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na pale kuna msururu wa protini kubwa zinapokezana. Elektroni inaanza mahali ambapo haijashikiliwa sana na inaishia kwenye oksijeni, ambayo inazishika elektroni kwa nguvu kweli. Kila hatua ya kushuka inaachia nishati kidogo, na protini tatu kati ya zile zinatumia hiyo nishati kurusha protoni upande wa pili. ATP haihusiki hapo hata kidogo. Ndo maana ukikosa oksijeni kila kitu kinasimama, kwa sababu oksijeni ndo shimo la mwisho elektroni zinapodondokea, shimo likizibwa foleni inarudi nyuma mpaka mwanzo. Sumu ya sayanidi inaua kwa kuziba palepale mwisho, kwenye protini inayompa oksijeni elektroni zake.

Sasa protoni zimejazana nje. Huo ni mlima mpya umejengwa, na una pande mbili, kuna tofauti ya wingi wa protoni (yaani tofauti ya uasidi) na kuna tofauti ya chaji, maana protoni ina chaji chanya na ukizitoa ndani panabaki hasi. Ile tofauti ya umeme ni kama milivolti 150 hadi 180. Unaweza kuiona ni ndogo, lakini utando wenyewe una unene wa kama nanomita 5, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata kama volti milioni 30 kwa kila mita. Hewa ya kawaida inaanza kupasuka cheche kwenye volti milioni 3 kwa mita. Utando mwembamba wa mafuta unabeba mara kumi ya hapo, muda wote, ndani ya kila seli yako yenye mitokondria, hata sasa hivi unavyosoma. Mi nimefanya kazi hii miaka mingi na hiyo namba bado inanisimamisha.

Halafu zile protoni zinapewa mlango mmoja mkuu wa kurudia, nao ni kimeng'enya cha kutengeneza ATP. Kina gurudumu lililozama kwenye utando, protoni moja inapanda kwenye gurudumu, linasogea kidogo, inayofuata inapanda, linasogea tena, mpaka ya kwanza inashukia upande wa ndani. Gurudumu limeunganishwa na mhimili, mhimili uko katikati ya kichwa chenye vyumba vitatu, na mhimili ukizunguka unavibana na kuviachia vile vyumba kwa zamu: kimoja kinapokea ADP (yaani ATP iliyopungukiwa fosfeti moja) na fosfeti, kingine kinazibana ziungane, cha tatu kinaitema ATP iliyokamilika. Mzunguko mmoja, ATP 3.

Na usidhani huko kuzunguka ni mchoro tu wa vitabuni. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikigandisha kile kichwa kwenye kioo, wakaubandika mhimili uzi wa protini ya aktini unaong'aa, wakatia ATP, wakachungulia kwenye darubini. Uzi ukawa unazunguka, siku zote upande uleule, na ATP ikiwa chache sana unaonekana ukiruka theluthi moja ya mduara, unatulia, unaruka tena. Zingatia kitu hapo, wao waliiendesha kwa kutia ATP, yaani kinyume. Mashine ileile inaenda pande zote mbili. Kuna bakteria wakikosa oksijeni wanaigeuza kabisa, wanachoma ATP waliyoipata kwenye uchachushaji ili kutoa protoni nje, kwa sababu utando usipokuwa na mlima kazi nyingi zinalala.

Kwa hiyo mlima wa protoni na ATP ni pesa mbili zinazobadilishana. Kinachomtangulia mwenzie kwenye mitokondria ni elektroni za chakula, hizo ndo zinajenga mlima, mlima unatengeneza ATP, na ATP inaenda kujenga milima mingine kwenye tando nyingine.

Chembe Hai:

Naongezea historia kwenye alichosema Fundi Protoni, maana hata mi nilielewa nilipojua watu walivyobishana. Mpaka miaka ya 1950 wanakemia walikuwa na uhakika kwamba kati ya elektroni na ATP kuna kiungo fulani cha kikemia kinachobeba nishati, kama ilivyo kwenye glaikolisisi (hatua za kwanza za kuvunja glukosi), wakakitafuta na kukitafuta hawakukiona. Mwaka 1961 Peter Mitchell, Mwingereza, akaandika kwamba hicho kiungo hakipo, kilichopo ni utando na tofauti ya protoni pande mbili. Wengi hawakumwelewa au hawakutaka. Aliacha chuo kikuu kwa sababu za kiafya, akakarabati nyumba kubwa ya zamani huko Cornwall, akaifanya maabara, na pale yeye na Jennifer Moyle wakaendelea kupima protoni. Nobeli alipewa 1978.

Lakini jaribio ninalolipenda mimi si lake, ni la Andre Jagendorf na Ernest Uribe, 1966. Walichukua tando za ndani za kloroplasti (zile sehemu za seli ya mmea zinazotumia mwanga kutengeneza chakula), wakaziloweka kwenye asidi ya pH 4 zikajaa protoni ndani, halafu ghafla wakazihamishia kwenye maji ya pH 8 yenye ADP na fosfeti. GIZANI. Yaani hakuna mwanga, hakuna elektroni inayopita, hakuna chakula, kuna utando tu na tofauti ya asidi pande mbili. ATP ikatoka. Mdadisi ukilishika hilo jaribio hutakaa uulize tena kama ATP inatumika kutengeneza ATP, maana pale ATP ya kuanzia haikuwepo na bado imetengenezwa.

Mdadisi wa Seli:

Aisee asanteni, hilo la gizani limenifungua macho. Kwa hiyo utando ukitoboka hata kidogo mlima wote unaanguka? Na ina maana seli zisizo na mitokondria, kama chembe nyekundu za damu, zenyewe hazina mlima wowote?

Tyubu ya Kijivu:

Mi niko maabara ya hospitali, hilo swali la chembe nyekundu nakujibu kwa kitu kilichonitokea.

Asubuhi moja nimeingia zamu nakuta sampuli ya damu imepimwa, potasiamu 7.2. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0, na ikifika 7 moyo unaweza kusimama muda wowote, kwa hiyo unapiga simu wodini hapohapo. Wakasema mgonjwa amekaa kitandani anaongea vizuri tu, kipimo cha moyo hakina shida. Nikaichukua ile tyubu nikaiangalia kwenye mwanga. Jambo la kwanza unalolifikiria ni kwamba chembe zimepasuka zikamwaga potasiamu yake, lakini zikipasuka ule umajimaji wa juu unakuwa mwekundu, na huu ulikuwa wa njano safi kabisa. Chembe zote nzima. Nikauliza, kumbe sampuli ilichukuliwa jioni, mtu akaiweka kwenye friji usiku kucha bila kuitenganisha, kwa nia njema tu akijua baridi inahifadhi. Tukachukua damu nyingine tukaitenganisha palepale, potasiamu 4.3.

Sasa ona kilichotokea. Chembe nyekundu haina mitokondria, sawa, lakini mlima inao. Ndani ina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, nje ni kinyume chake, potasiamu ya ndani inazidi ya nje zaidi ya mara 20. Utando unavuja kidogokidogo siku zote, na kuna pampu inayorudisha, kwa ATP moja inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Jens Skou wa Denmark aliigundua hiyo pampu 1957 akitumia neva za miguu ya kaa, Nobeli akaipata 1997. ATP ya pampu kwenye chembe nyekundu inatoka kwenye glaikolisisi tu, ATP 2 kwa glukosi moja, na inatosha. Ukiweka kwenye friji pampu inakaribia kusimama, ila kuvuja hakusimami kiasi hicho. Usiku mzima potasiamu inatoka tone kwa tone na hakuna wa kuirudisha. Utando haujatoboka popote, ni kwamba anayepandisha mlima amelala.

Na ukitaka kuona utando ukipasuka kweli, chukua tyubu yenye chembe nyekundu kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, iweke mbele ya karatasi yenye maandishi. Husomi kitu, imejaa ukungu mwekundu. Zitie chembe hizohizo kwenye maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kufumba na kufumbua ukungu unaondoka, unabaki wekundu unaopitisha mwanga kama kioo cha rangi na maandishi unayasoma upande wa pili. Maji yamekimbilia ndani mpaka chembe zikapasuka. Maji yanapita kwa kasi hivyo kwa sababu kuna mifereji yake maalumu, akwaporini, aliyeigundua ni Peter Agre mwanzoni mwa miaka ya 1990, na aliipata kwenye hizihizi chembe nyekundu.

Dada wa Zamu:

Mdadisi, la glukosi niachie mimi, nimehudumu wodi ya watoto na hilo jambo nimeliona likiokoa watoto kwa macho yangu.

Kwanza jibu la mtihani. Kwenye seli ya utumbo mwembamba, upande unaotazama chakula, kuna mbebaji anayeitwa SGLT1. Yeye hagusi ATP kabisa. Anachukua sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja, sodiamu inateremka kuingia ndani kwa sababu ndani ni chache na pia ndani pana chaji hasi inayoivuta, na glukosi inakokotwa humohumo hata kama ndani imeshajaa. Watu waliwahi kuchukua vipande vya utando huo, vikajifunga kuwa vifuko vidogo visivyo na ATP yoyote, wakatia sodiamu nyingi nje, glukosi ikaingia. Ukiondoa sodiamu, haijazani. Kwa hiyo jirani yako aliyesema hapana alikuwa na haki yake, mbebaji halipwi ATP. Na wewe pia ulikuwa na haki, kwa sababu ile sodiamu ikiendelea kuingia bila kutolewa mteremko utakwisha, na anayeitoa ni pampu aliyoieleza Tyubu ya Kijivu, iko upande wa pili wa seli, upande wa damu, na hiyo inakula ATP kweli. Pampu inachimba shimo, sodiamu inadondokea shimoni, glukosi inadandia. Ikishaingia glukosi inatokea upande wa damu kwa mlango mwingine wa kawaida, hapo inateremka yenyewe bila malipo.

Sasa kwa nini nasema inaokoa watoto. Mtoto anaharisha, maji na chumvi vinatoka, na ukimpa maji matupu hayafyonzwi inavyotakiwa. Ila hata kwenye kipindupindu, ambapo sumu ya mdudu inafanya seli za utumbo zimwage maji nje bila breki, yule mbebaji wa sodiamu na glukosi anabaki mzima anafanya kazi. Kwa hiyo ukimpa sodiamu na glukosi pamoja, vinaingia, na maji yanavifuata kwa osmosisi. Ndo ORS hiyo. Mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani wanautumia tangu 2002 una sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita. Ukiuangalia kwa gramu ni chumvi 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti ya sodiamu 2.9. Usiongeze sukari ukidhani unamsaidia mtoto zaidi, sukari ikizidi inabaki utumboni inayavuta maji yatoke mwilini na kuhara kunazidi.

Wazo la kwamba sodiamu na glukosi zinasafiri pamoja lilitolewa na Robert Crane mwaka 1960. Miaka 11 baadaye, 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kikaingia kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon upande wa India, dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi na glukosi kwenye madumu wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilikuwa kama asilimia 30, kwa waliokunywa ule mchanganyiko vikashuka chini ya asilimia 4.

Mi kila nikikaa na mama namwonyesha kijiko kimoja, subiri kidogo, kijiko kingine, namwona mtoto macho yamezama na mdomo umekauka, baada ya saa kadhaa anakojoa na machozi yanarudi akilia, nafikiria wale wabebaji, sodiamu mbili na glukosi moja, sodiamu mbili na glukosi moja. Usilisome hili kama swali la maksi mbili mdogo wangu.

Hesabu za Krebs:

Naona la tatu limeachwa, nalimalizia haraka.

Msururu wa elektroni ukipokea NADH moja unarusha protoni 10 nje. Ukipokea FADH2 unarusha 6, kwa sababu inaingilia katikati, inaipita ile protini ya kwanza. Upande wa mapato, ATP moja inagharimu protoni kama 4, yaani kama 3 za kuzungusha gurudumu na 1 ya kuingiza fosfeti ndani. Kwa hiyo NADH inakupa 10 gawanya 4, ambayo ni 2.5, na FADH2 inakupa 1.5. Vitabu vya zamani waliweka 3 na 2 wakidhani lazima iwe namba kamili, kwa sababu walikuwa bado wanawaza kikemia, kiungo kimoja ATP moja. Mlima wa protoni haudai namba kamili.

Sasa jumlisha. Glukosi moja inatoa NADH 10, hapo 25. FADH2 mbili, hapo 3. ATP za moja kwa moja 2 za glaikolisisi na 2 za mzunguko wa Krebs (hatua za baadaye, ndani ya mitokondria), hapo 4. Jumla 32. Lakini NADH mbili kati ya zile 10 zimezaliwa nje ya mitokondria kwenye glaikolisisi na zenyewe haziwezi kuvuka utando, elektroni zake zinapitishwa kwa wapokezi, na wapokezi wa aina moja wanazikabidhi msururuni zikiwa na thamani ya FADH2, unapoteza 2, inabaki 30. Ndo maana wanaandika 30 hadi 32. Ile 38 na 36 ni tofauti hiyohiyo kwa hesabu ya kizamani. Andika 30 hadi 32 na uonyeshe njia, ukionyesha njia msahihishaji hana pa kukukata.

Na kitu ambacho wengi hawakihesabu ni kwamba ATP ikishatengenezwa ndani ya mitokondria lazima itoke, na inatolewa kwa kubadilishana, ATP moja nje ADP moja ndani. ATP ina chaji hasi 4 na ADP hasi 3, kwa hiyo ule umeme wa milivolti 150 ndo unaisaidia kutoka. Hata kupeleka mzigo sokoni kunalipiwa na mlima uleule.

Mpita Njia 7:

Samahanini naingilia. Mi nilifundishwa kwamba ATP ina viungo vyenye nishati nyingi na ukivivunja nishati inatoka. Hapa naona mnaongelea milima tu, je hiyo nayo si sahihi?

Fundi Protoni:

Ndugu, kuvunja kiungo cha kikemia siku zote kunagharimu nishati, hakutoi. Kinachotoa ni kwamba mazao, ADP na fosfeti zikiwa zimezungukwa na maji, zimetulia zaidi kuliko ATP ilivyokuwa, zile chaji hasi zilizobanwa pamoja zimeachana. Na la pili, ambalo kwangu ndo kubwa, seli inahakikisha ATP ni nyingi mno ukilinganisha na ADP, mbali sana na pale ambapo mambo yangetulia yakiachwa yenyewe. Ukiziacha ATP, ADP na fosfeti zifike utulivu wao, ATP hiyohiyo yenye viungo vilevile haifanyi kazi yoyote. Kwa hiyo ATP nayo ni mlima, ila wa kikemia badala ya wa utando. Mwili wako una ATP kidogo tu kwa wakati mmoja lakini ukijumlisha inayotengenezwa na kuvunjwa kwa siku nzima inakaribia uzito wako mwenyewe. Mwili hauiweki akiba, unaizungusha.

Na Mdadisi uliuliza utando ukitoboka. Kuna kemikali inaitwa dinitrofenoli, DNP, yenyewe inabeba protoni na kuvuka nazo kwenye utando bila kupita kwenye gurudumu. Elektroni zinaendelea kuteremka, oksijeni inatumika, chakula kinaungua, lakini ATP haitoki, yote inaishia kuwa joto. Miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kama dawa ya kupunguza mwili. Watu walikonda kweli, na wengine wakafa kwa joto lililopanda mwilini bila kushuka, wengine wakapata mtoto wa jicho, na 1938 ikazuiwa. Mpaka leo kuna watu wanaiuza mtandaoni. Yeyote anayesoma hapa, ukiiona KIMBIA, haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini.

Mwili wenyewe unajua kufanya hivyo kwa kipimo. Mtoto mchanga hana uwezo mzuri wa kutetemeka akipata baridi, ila mgongoni na shingoni ana mafuta ya kahawia yaliyojaa mitokondria, na kwenye utando wake kuna protini ya kurudisha protoni makusudi ili litoke joto. Inafunguliwa baridi ikija, inafungwa akipata joto.

Mdadisi wa Seli:

Sijui niseme nini, asanteni sana wote. Nimechora ukurasa mmoja mkubwa, upande wa kushoto elektroni zinashuka, katikati gurudumu, kulia pampu ya sodiamu na SGLT1, na mara ya kwanza zile sura mbili zimekaa kwenye karatasi moja. Swali la mwisho kwa Tyubu ya Kijivu, ile sampuli iliyolala kwenye friji, ukiitoa ukaipasha joto potasiamu inarudi ndani? Na hilo jina lako lina maana gani?

Tyubu ya Kijivu:

Jina ni tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ndo tunachukulia damu ya kupima glukosi. Chembe nyekundu hata zikiwa nje ya mwili zinaendelea kula glukosi, sampuli ikikaa mezani saa kadhaa mgonjwa anasomeka sukari imeshuka kumbe chembe zake ndo zimekula. Kwa hiyo kwenye tyubu ya kijivu kuna floridi, inakizuia kimeng'enya kimoja cha glaikolisisi karibu na mwisho wa njia. Na kwa kuwa ni karibu na mwisho, hatua za mwanzo zinaendelea kula glukosi kidogo mpaka foleni ijae, hivyo saa ya kwanza au mbili bado inashuka. Nawaambia wanafunzi wangu wasiiamini tyubu kuliko saa, itenganisheni mapema.

Potasiamu, ndiyo, inarudi, mradi glukosi bado ipo. Lakini kwa sampuli ya kipimo hatufanyi hivyo, huwezi kujua imerudi kiasi gani, unachukua nyingine. Pa kuliona vizuri ni damu ya kuongezewa wagonjwa. Inakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 6, siku 35 au 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia, na siku zote hizo potasiamu inavuja kwenda nje na sodiamu inaingia ndani. Chupa ya siku nyingi ukipima umajimaji wake potasiamu iko juu kupita kiasi. Halafu inaingia kwa mgonjwa, chembe zinapata joto la mwili na glukosi ya damu yake, pampu zinaamka, na ndani ya saa na siku chache zinairudisha potasiamu ndani na kuitoa sodiamu, tatu nje mbili ndani, kama hazijawahi kusimama.